Kuhusu Somo Lako la Mpunga na Masikio ya Kinyozi

Kwa Bwana Shamba wa Skimu ya Umwagiliaji,
Ofisi iliyo nyuma ya ghala la mbolea.

Ndugu Bwana Shamba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pikipiki yako ikiwa na mafuta, na moyo wako ukiwa tayari kupokea lawama. Sisi huku nyumbani tu wazima wa mwili. Kuhusu akili, ndiyo sababu ya kuandika.

Mimi ni yule binti aliyekaa nyuma kabisa siku ya somo lako la kupanda mpunga kwa wakati na kudhibiti magugu, karibu na mlango wa ghala, asiyeuliza swali hata moja. Nyumbani wananiita Msomi, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu. Nimemaliza chuo, nimerudi kwa wazazi nikisubiri kazi, na kwa kuwa mimi husubiri vizuri zaidi nikiwa kimya, watu wameanza kuniulizia hali kama mgonjwa. Mbele yangu siku ile walikaa dada zake baba: Shangazi Mkubwa, ambaye ndiye husema, na Shangazi Mdogo, ambaye ndiye huitikia.

Somo lilikuwa zuri. Nasema hivyo kwa haki, maana sitaki udhani nina chuki na kilimo. Kosa lako lilikuja mwishoni. Wingu lilikuwa limetanda, ulikuwa umeshavaa kofia ya pikipiki, na Shangazi Mkubwa akanyoosha mkono kuuliza kama kanuni hizo ni za mpunga peke yake. Ungeweza kusema, "Ndiyo, mama." Ungefika kwako kabla ya mvua. Badala yake ulipandisha kioo cha kofia ukasema, kwa sauti ya mtu anayesubiri makofi, "Mama, kanuni hizi si za shamba tu. Ni za maisha!" Makofi ukapigiwa. Pikipiki ukaiwasha. Ukaenda zako, sisi tukabaki na maisha.

Tangu jioni hiyo shangazi zangu wameniweka mimi, mtoto wa kaka yao, nisiye na mume, kwenye kalenda ya mpunga. Wanasema msimu unanipita. Naomba uvumilie nikueleze yaliyofuata kwa mpangilio, ingawa yenyewe hayakuwa na mpangilio wowote.

1. Kuhusu kuchagua mbegu. Ulitufundisha kwamba mbegu hutumbukizwa kwenye maji ya chumvi. Iliyojaa huzama, na pepe, ile punje isiyo na kitu ndani, huelea ikaondolewa. Sina ugomvi na hilo. Lakini mchumba wa kwanza kuletwa kwetu, fundi cherehani, alikaribishwa kwa chai iliyotiwa chumvi mpaka yai zima lingeelea juu yake. Aliinywa kwa adabu mpaka mwisho, akasifu majani. Shangazi Mkubwa akatangaza kwamba jaribio ni batili, kwa sababu chumvi ndiyo iliyoingia kwenye mbegu wakati wewe ulisema mbegu iingie kwenye chumvi. Basi wakampeleka kwenye bwawa la skimu, wakamwaga pakiti ya chumvi kwa heshima ya kanuni, wakamwomba aingie. Fundi huyu amekulia kando ya ziwa. Alilala chali juu ya maji, mikono nyuma ya kichwa, akauliza kama tunapenda akae hivyo au ageuke.

"Pepe," alisema Shangazi Mkubwa.

"Pepe tupu," aliitikia Shangazi Mdogo.

Wa pili, karani wa ghala lako, alizama vizuri sana. Alivutwa nje na vijana wa mfereji, akatapika maji, akapongezwa kwa kufaulu, na tangu hapo hapokei simu. Itazame mantiki hii, Bwana Shamba. Kanuni yako inaniachia wanaume wasiojua kuogelea tu, na hao nao wakishatoka majini hawanitaki.

2. Kuhusu nafasi kati ya miche. Ile kamba yenye mafundo uliyotugawia ili mistari inyooke sasa hutandazwa sebuleni kwetu. Mgeni hukaa penye fundo lake, mimi penye langu, na katikati yetu Shangazi Mdogo hupita akienda na kurudi, kwa sababu ulisisitiza ibaki njia ya kupitisha mashine ya palizi. Mashine ya palizi ni yeye. Anapiga kelele kama hiyo hiyo.

3. Kuhusu masikio. Ulieleza kwamba lipo gugu linalofanana na mpunga kiasi cha kumdanganya hata mkulima mzoefu, na kwamba njia ya kulijua kabla halijachanua ni kutazama pale jani linapokutana na shina: mpunga una vimasikio vidogo vyenye manyoya, gugu halina. Ulipitisha miche miwili mkono kwa mkono tuone. Mimi niliona mche. Shangazi Mkubwa aliona wanaume.

Kinyozi wa njia panda alikuja kwetu mwenyewe, bila kuletwa. Ni kijana mtaratibu. Aliniuliza ninasoma kitabu gani, kisha akasubiri jibu, jambo ambalo sijawahi kuliona likitokea katika nyumba yetu. Nilikuwa katikati ya sentensi Shangazi Mkubwa alipomshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, akamkunja sikio. Masikio ya kinyozi ni madogo, na kwa sababu ya kazi yake yamenyolewa safi.

"Hana manyoya," alisema Shangazi Mkubwa.

"Hata ya dawa," aliitikia mwenziwe.

Kinyozi akaahidi kuyaacha yaote. Akajibiwa kwamba gugu likishatambuliwa halipewi muda, litamwaga mbegu. Akavaa viatu vyake, akaomba radhi kwa masikio, akaondoka. Ile sentensi sikuimaliza. Bado ninatembea nayo.

4. Kuhusu maana ya gugu. Hapa ndipo ulipotumaliza kabisa. Ulisema, na nakunukuu: "Gugu ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa." Watu waliguna kwa kuridhika. Je, ulifikiri maneno hayo yatakaa ghalani yatulie? Asubuhi iliyofuata shangazi zangu walifunga vitambaa kichwani, wakaingia chumbani kwangu kufanya palizi ya kwanza. Waling'oa vitabu, wakisema vinanyonya rutuba. Waling'oa kiti changu cha dirishani, kwa sababu huko ndiko ninakokaa nikifikiri, na kufikiri kukiachwa kunatambaa. Waling'oa taa ya kusomea. Nikiwa nimesimama katikati ya chumba kitupu, sijasema neno, Shangazi Mkubwa alinitazama kwa huruma ya kweli akasema, "Na hicho kimya, mwanangu. Hicho ndicho chenye mizizi."

Walikaa nami mchana kutwa kuking'oa. Walizungumza kwa zamu. Nikinyamaza, mmoja ananigusa bega: "Kinaota tena hicho."

Palizi ya pili waliifanya sebuleni, wakaondoa redio. Halafu wakamkuta baba amekaa mlangoni mchana wa jua, na Shangazi Mdogo, kwa mara ya kwanza maishani akitangulia kusema, akauliza, "Huyu naye alipandwa hapa, au ameota?" Baba yangu ni mtu mzima, ana heshima zake, amejenga nyumba ile kwa mikono yake. Sasa siku zake anazimaliza kwenye stoo, kati ya majembe na magunia, na mama humpitishia chakula kwa mlango uliofunguliwa kidogo. Nilipomuuliza kwa nini hajitetei, alisema, "Wamesoma hao, mwanangu. Waache."

5. Kuhusu kupanda kwa pamoja. Ulionya kwamba jaruba, yaani kipande kimoja cha shamba la mpunga, likichelewa peke yake, ndege wote wa bonde hutua hapo, hivyo majirani wapande wiki moja. Mabinti wa ukoo wetu wote wa rika langu wameshaolewa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa somo lako, mimi ndiye jaruba lililochelewa, na ndege ni kila mwanamke anayepita njia ya kwetu na kuuliza, "Huyu bado?" Shangazi Mkubwa amesimamisha sanamu ya kutishia ndege mbele ya nyumba. Ameivika koti la baba. Majirani wanaisalimia na kusema siku hizi baba amekuwa mchangamfu.

6. Kuhusu mpunga wenyewe. Ukipata nafasi, pita jarubani kwetu. Wakati shangazi wanakunja masikio ya watu, miche yetu imebaki kitaluni imerefuka, imejikunja, imeanza kugeuka rangi. Wenzetu wameshapandikiza, maji yao yamesimama vizuri juu ya udongo, gugu halipati pa kutoa kichwa. Kwetu jaruba limevurugwa likaachwa, likakauka juu, na kila aina ya nyasi uliyotuonyesha kwenye picha imekuja kutusalimia. Nilipomweleza Shangazi Mkubwa kwamba mche ukipitisha umri hautoi machipukizi ya kutosha, alinikumbatia kwa machozi, akasema, "Afadhali umekubali mwenyewe."

7. Kuhusu kupandikiza. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ambayo lango la maji litafunguliwa tena kwa ajili ya kitongoji chetu, mimi nitaposwa na mtoto wa mwenye mashine ya kukoboa, na ndoa itafuata maji yakiwa bado mapya. Huyu kijana hakutumbukizwa bwawani. Baba yake alikataa, akasema mashine yao haipokei kitu kibichi. Masikio yake yalikaguliwa kwa mbali, na kwa kuwa yamejaa vumbi la pumba yalionekana yana manyoya. Akapita. Sina neno baya dhidi yake. Sina neno lolote. Tumekaa penye mafundo yetu mara kadhaa, na nadhani naye anatazama dirisha lile lile ninalolitazama mimi.

Mipango ya siku hiyo imechukuliwa kutoka kwenye somo lako kama ilivyo. Ulisema mche ung'olewe na udongo wake ili mizizi isishtuke: kwa hiyo nitahamishwa na kitanda changu, godoro, na Shangazi Mdogo. Ulisema mche usikae nje ya ardhi muda mrefu: kwa hiyo msafara wa bibi harusi utakimbia. Wajomba wamekwisha kuanza mazoezi. Nimewaona asubuhi wakizunguka ghala wamebeba kitanda, na mmoja wao, mnene, amelazwa juu yake badala yangu. Ulisema mche usidumbukizwe chini sana: kwa hiyo katika nyumba ya wakwe nitaketishwa karibu na mlango. Na ulisema baada ya kupandikiza maji yapunguzwe kwanza mpaka mche ushike, ndiyo maana mama amekatazwa kulia.

Bwana Shamba, naomba unielewe. Sijakataa ndoa. Nimekataa ratiba. Ipo siku nitataka kumaliza ile sentensi, mbele ya mtu nitakayemchagua, penye kiti nitakachokichagua, na siwezi kukuambia ni lini kwa sababu mimi mwenyewe najisikiliza bado. Mpunga hauna haja ya kujisikiliza. Mpunga unapandwa, unapaliliwa, unavunwa, na hakuna aliyewahi kuukuta umekaa dirishani ukijiuliza kama unataka kuwa wali. Mtu si mpunga! Hili ni jambo dogo, lakini limeachwa nje ya somo lako, na kwa kuachwa huko mimi naenda kukimbizwa juu ya kitanda mbele ya ukoo mzima.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Uje nyumbani kwetu kabla lango halijafunguliwa, ukiwa umevaa sare, na ile kofia uiache kwenye pikipiki. Uwaite shangazi zangu, uwaketishe, na utamke wazi, kwa niaba ya ofisi yako, kwamba kanuni za mpunga ni za mpunga. Useme kwamba binadamu hana msimu. Umtoe baba stoo, maana wewe ndiye utakayesikilizwa. Ukiulizwa swali mwishoni, ujibu kwa ufupi. Na kama ofisi yako ina utaratibu wa kufuta somo lililokwisha kufundishwa, naomba somo hili lifutwe skimu nzima, kuanzia chumvi mpaka masikio, hata kama mavuno yatapungua. Bora tule kidogo tukiwa watu.

Nisalimie mkeo na watoto, na usiwafundishe lolote. Nisalimie mlinzi wa lango la maji, na karani wako, mwambie bwawa limekwisha kuchujwa. Nisalimie kinyozi ukienda kunyolewa, lakini kama jambo la kawaida tu, bila kumtazama sana. Baba anakusalimu kupitia ufa wa mlango. Mama anakusalimu kwa macho makavu.

Ni mimi, ambaye kwa vyovyote vile si mche,

Msomi,
nyumba ya mwisho kabla ya mfereji.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha wageni walipoingia. Mwenye mashine ya kukoboa na mwanawe wamekuja leo, kabla ya siku, kuweka sawa habari ya njia itakayokimbiwa. Ndipo mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akasema kwamba labda mtoto aulizwe. Kimya kikaja, na safari hii hakikuwa changu.

Nikasimama. Nikawaambia yote yaliyomo katika barua hii, kwa utaratibu huu huu, na kwa ufasaha ambao nauonea fahari mpaka sasa. Nilisema juu ya hiari. Nilisema juu ya utu. Nilisema mtu si mpunga, nikalirudia mara ya pili taratibu. Wakanisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua juu ya bati.

"Umemaliza?" aliuliza Shangazi Mkubwa.

"Kamaliza," aliitikia Shangazi Mdogo.

Sijui niliyatoa wapi, Bwana Shamba. Nilifumbua mdomo kusema kwamba nimemaliza, nikajisikia nasema, "Shangazi, mimi ni mbegu ya muda mrefu."

Shangazi Mkubwa aliweka kikombe chini. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka utosini, polepole, kama mtu aliyekuwa akipita jaruba hilo kila siku na leo ndiyo kaliona. "Muda mrefu?"

"Ya muda mrefu kabisa."

"Sasa mbona husemi, wewe mtoto!" Akawageukia wageni akipiga paja. "Jamani, tusameheane. Tumemuweka huyu msimu usio wake. Mimi namuona amedumaa, kumbe ndivyo alivyo!"

"Kumbe ndivyo alivyo," alisema Shangazi Mdogo, akaketi, kwa mara ya kwanza tangu somo lako.

Na mwenye mashine ya kukoboa, badala ya kukasirika, akatikisa kichwa kwa uzito wa mtu wa kazi. Akasema mbegu hiyo inayochelewa kukomaa anaijua, punje yake nzito, inang'aa, haina mfano. Lakini ukiivuna haraka kwa kuwaiga majirani, ikifika mashineni inakatika vipande vipande, hupati mchele, unapata chenga. Akasema hawezi kumwingiza mwanawe kwenye hasara ya chenga. Mwanawe akashusha pumzi ndefu, akala mkate wote uliokuwa mezani. Wameagana nasi vizuri kuliko walivyowahi kutusalimia.

Kwa hiyo, kuhusu barua hii, naomba usiitilie maanani, tangu salamu ya kwanza mpaka sahihi. Ningeichana, lakini nimeiandika vizuri. Somo lisifutwe. Somo liendelee, na ikiwezekana lirudiwe, hasa ile sehemu inayosema kila mbegu ina muda wake, ambayo hukuigusa na ningependa uigusie kwa kirefu. Usije kwetu. Kama umekwisha kuwasha pikipiki, izime.

Shida moja tu imebaki. Shangazi Mkubwa amejifunga kanga anakuja ofisini kwako sasa hivi kuuliza mbegu ya muda mrefu huchukua muda gani hasa mpaka kukomaa. Nilimwambia kwamba mimi sijui, mtaalamu ni wewe. Barua hii naituma na kijana wa baiskeli ili ikufikie kabla yake. Nakuomba, Bwana Shamba, kama una binti, kama una dada: usimtajie miezi. Mwambie inategemea.